Umesahau nywila ya Windows: uibadilishe au upige Windows upya?

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kukuingiza, fundi wa mtaani atakwambia apige Windows upya. Hiyo naona iwe njia ya mwisho kabisa. Kwanza bonyeza alama ya jicho kwenye kisanduku cha nywila uone unachoandika. Huenda ni Caps Lock tu.

Kama akaunti ni ya Microsoft (ile ya mtandaoni, unayoingia kwa barua pepe), kubadili nywila hakuna shida: chukua simu, fungua account.live.com/password/reset, pokea namba ya uthibitisho kwa SMS au barua pepe, weka nywila mpya. Kisha unganisha kompyuta na intaneti hapo hapo kwenye skrini ya kuingilia, la sivyo haitaitambua. Picha za watoto na kazi zako zote zinabaki. Akaunti isiyo ya mtandaoni nayo ina maswali ya usalama, tangu Windows 10 toleo la 1803, ikiwa uliyajaza.

Kupiga Windows upya kunafaa pale laini na barua pepe vyote vimepotea. Lakini programu zinaondoka, na mafaili yanaweza kufutika yote. Mwulize fundi kabla hajagusa kitu: atayanakili wapi? Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalosimba mafaili, hatayafikia bila ufunguo wa tarakimu 48.