Uzoefu wangu na Cerrosafe: kupima chemba za bunduki za risasi moja moja

Kwa anayekusanya bunduki za kuwindia za zamani zinazopakiwa risasi moja moja, yaani Martini, Farquharson, Winchester 1885 na ndugu zao, kitu cha kwanza kununua baada ya fimbo ya kusafishia ni kipande cha Cerrosafe. Ni aloi inayoyeyuka kwa joto dogo. Unaimimina ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu anamokaa ganda la risasi, inaganda, unaitoa na kupima umbo lake. Naitumia hapa Mwanza na naipa nyota nne kati ya tano.

Sababu ya kuihitaji ni kwamba maandishi ya kwenye mtutu hayatoshi. Chukua kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) ya .375 peke yake. Mwaka 1899 Waingereza walitoa ganda la .375 lenye ukingo uliochomoza kwenye kitako, urefu inchi 2½. Mwaka 1912 Holland & Holland wakatoa mengine mawili: .375 H&H Magnum yenye mkanda mnene kuzunguka mwili karibu na kitako, na .375 Flanged Magnum yenye ukingo, kwa ajili ya bunduki za mitutu miwili na za risasi moja. Urefu wa maganda hayo matatu ni milimita 63.5, 72.4 na 74.7. Mtutu ulioandikwa "375" tu unaweza kuwa wowote kati ya hiyo. Kisha kuna Martini Cadet za .310 zilizokwenda Australia. Nyingi zilibadilishwa huko kuwa .32-20, .218 Bee au nyinginezo, na si kila fundi alijisumbua kufuta maandishi ya awali. Upimaji huu hauhitaji risasi hata moja, kwa hiyo ufanyike mbele ya mwenye bunduki kabla hamjaenda polisi kuhamisha umiliki, maana kaliba itakayoandikwa kwenye karatasi inapaswa kuwa ya chemba, siyo ya hadithi.

Aloi yenyewe ni bismathi asilimia 42.5, madini ya risasi 37.7, bati 11.3 na kadmiamu 8.5. Huanza kulainika kwenye nyuzi 71 za Selsiasi na huwa maji kabisa kwenye 88. Hapa kwetu ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Bado yanatosha, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo: maji yawe yanatokota kweli, siyo ya vuguvugu.

Weka aloi kwenye kopo kavu la bati, kopo liwe ndani ya sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa. Usiweke kopo juu ya makaa moja kwa moja. Joto likizidi, aloi inatoa takataka juu kama ukoko na mvuke wenye kadmiamu, ambao si wa kuvuta. Sufuria na kopo hivyo visirudi jikoni tena. Usiiyeyushe ndani ya maji yenyewe pia, kwa sababu tone la maji likiingia nayo kwenye chemba linaacha mashimo kwenye umbo na kutu kwenye chuma. Kuhusu kiasi, chemba ya .303 pamoja na inchi moja ya mtutu hula kama gramu 60, na .577/450 ya Martini-Henry hufika gramu 130 hadi 140. Kipande cha ratili moja, gramu 454, kinatosha kabisa, na aloi inayeyushwa upya mara nyingi.

Maandalizi ndiyo yanayoharibu kazi za wengi. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha toa bloku, yaani chuma kinachofunga nyuma ya chemba. Kwenye Martini hiyo ni pini ya nyuma ya bloku, na utoe pia skrubu ya kitoa ganda na kitoa ganda chenyewe. Safisha chemba hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha ikaushe. Mafuta yakibaki, hata utando tu, umbo linatoka na mikunjo na vipimo vya shingo vinakuwa vya kubahatisha. Funga mtutu kwenye jiliwa lenye mbao laini, mdomo ukiangalia chini. Kutoka mdomoni sukuma fimbo yenye kitambaa kilichobana hadi kiwe milimita 25 mbele ya mwisho wa chemba. Iache fimbo hapo hapo, imeshikiliwa.

Kwenye Winchester 1885 ukishatoa bloku unaona chemba moja kwa moja na unamimina bila shida. Martini haikupi njia iliyonyooka. Chemba unaifikia kwa mshazari kutoka juu, na hapo karatasi ngumu iliyokunjwa kama ya muuza karanga, ncha ikiwa imekatwa kidogo, ndiyo faneli bora kuliko zote. Mimina kwa mkupuo mmoja. Ukisita, tabaka la kwanza linaganda na unapata mstari mzunguko mzima. Simama kabla aloi haijafika usawa wa mdomo wa chemba.

Hapo kwenye kusimama ndipo nyota moja ilipopungua. Maelekezo yanayokuja na aloi ni mafupi mno kuhusu nafasi ya kitoa ganda. Aloi ikifurika ikaingia kwenye nafasi hiyo, umbo linajifunga kama ufunguo na halitoki kwa kugonga. Usigonge kwa nguvu, utakwaruza mifereji ya mzunguko iliyo ndani ya mtutu. Mimina maji yanayotokota juu ya chemba kwa nje, au tumbukiza sehemu ile ya mtutu ndani yake, aloi iyeyuke itoke. Baada ya hapo kausha na upake mafuta palepale. Unyevu wa huku ziwani hausubiri kesho.

Saa nayo ina masharti yake. Aloi inaposhuka joto hunywea kwa takriban dakika 30, ikiwa ndogo kuliko chemba kwa sehemu 0.0009 ya kipimo. Huo ndio wakati wa kulisukuma umbo nje kwa fimbo, taratibu, kutoka mdomoni. Kisha hupanuka. Likifika saa moja tangu kumimina, umbo lina kipimo cha chemba kamili. Saa mbili, limezidi kwa 0.0016, siku inayofuata, 0.0022, na baada ya siku nne hutulia kwenye 0.0025. Kwa kitako cha ganda la .577/450, chenye milimita 17, ukipima kesho yake unaongeza karibu milimita 0.04 ambazo hazipo. Kwa hiyo andika saa ya kumimina kwenye karatasi, na umbo ukilihifadhi liwe na lebo ya vipimo vya saa ile moja.

Pima kwa maikromita. Vernia ya kawaida inafaa kwa urefu tu. Mfano wa .303: ganda lina ukingo milimita 13.7, mwili karibu na ukingo 11.7, shingo 8.6, urefu 56.4. Chemba za kijeshi za .303 zilichongwa kwa ukarimu ili bunduki ifanye kazi ikiwa na matope, hivyo bega la umbo likiwa mbele kidogo kuliko la ganda usidhani imechongwa upya. .45-70 nayo: ukingo 15.4, mwili 12.8, urefu 53.5.

Sehemu ya mifereji inasumbua. Martini-Henry ina mifereji saba na Martini-Enfield mitano, yaani hakuna mfereji unaotazamana na mwenzake, na maikromita haina pa kushika pande zote mbili. Kata ukanda wa kopo la soda, pima unene wake, uzungushe kwenye umbo mara moja bila kupandana, pima juu yake, kisha toa unene mara mbili.

Umbo la chemba halikwambii kila kitu, na hapa watu wanajidanganya vibaya. Chemba ya .450 ya inchi 3¼ ya baruti nyeusi na ile ya .450 Nitro Express ya mwaka 1898 ni umbo lile lile. Tofauti ni shinikizo, na kwa mwenye kushika bunduki ni tofauti ya uso wake. Hilo unalisoma kwenye mihuri ya ukaguzi chini ya mtutu, kwa mfano "Cordite 70-480": greni 70 (kipimo cha uzito) za kordaiti, baruti isiyo na moshi, na kichwa cha risasi cha greni 480. Pasipo muhuri wa aina hiyo, ichukulie kuwa ya baruti nyeusi. Nafasi kati ya bloku na ukingo wa ganda pia haipimwi kwa aloi. Inahitaji geji zake.

Wapo mafundi wanaotumia salfa badala yake kwa sababu ni rahisi kupatikana. Inafanya kazi, lakini inayeyuka karibu nyuzi 115, inanuka nyumba nzima na inashika moto. Sirudi huko.

Cerrosafe inakupa inchi moja tu ya mtutu. Kwa sehemu iliyobaki natumia kipande laini cha madini ya risasi, kile cha kuzamishia nyavu, kilichogongwa kiwe kinene kidogo kuliko mtutu. Paka mtutu mafuta, kisukume polepole kwa fimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono utakwambia palipolegea, kwa kawaida karibu na mdomo palipolika kwa fimbo za miaka mingi, na kipande kikitoka unakipima kwa ukanda ule ule wa kopo la soda.