Siku mbili Kigamboni peke yangu, banda la makuti 75,000 kwa usiku

Nimerudi jana na nataka niandike kabla sijasahau, maana watu kibao wananiuliza nilikua wapi simu haipatikani.

Mi ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta, katikati ya Dar, na wenzangu wa hii kazi mnajua mwezi unavyoenda, tarehe 7 PAYE (kodi ya mishahara), tarehe 20 ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani), hapo katikati bosi anataka ripoti zake, na mwezi huu nilifika hatua naamka saa tisa usiku nawaza invoisi. Kisheria nina siku 28 za likizo kwa mwaka, nilikua nimetumia 5 tu, nazo zote niliishia harusini Tanga kumenya vitunguu na kupokea wageni, ile sio likizo jamani. Basi VAT ilivyoisha nikaomba Alhamisi na Ijumaa, begi moja, nikamwambia dada yangu tu.

Zanzibar sikutaka, nauli ya boti kwenda na kurudi ingekula hela ya msosi wote. Nikaenda zangu Feri, 200 kwa N-Card, ile kadi ya kulipia, nikapanda pantoni nimebanana na akina mama wa ndoo za samaki, yaani dakika kumi hazifiki ila nilivyoona maghorofa ya Posta yanabaki nyuma nikasikia mabega yanalegea. Ng'ambo nikachukua bajaji mpaka upande wa Gezaulole.

Banda lenyewe ni la makuti, kitanda, feni, bafu la ndani, maji hayakukata hata mara moja. Neti ilikua na tundu wakalikusanya wakalifunga na uzi mweupe, fundo dogo kabisa, na mbu hakuingia hata mmoja. Mashuka yananukia jua. Kwa mwanamke aliyeenda peke yake kilichonipa usingizi ni komeo la chuma kwa ndani, na mzee wa getini anayezunguka na tochi usiku kucha. Asubuhi nilimwamkia shikamoo tukapiga stori, akaniambia Gezaulole ni Kizaramo, maana yake jaribu uone, kilikua kijiji cha ujamaa enzi za Mwalimu.

Sasa lililoniudhi. Resepsheni wameniuliza mara tatu "dada, mwenzako anakuja saa ngapi?" Mara ya kwanza nikajibu vizuri, ya pili nikajibu, ya tatu mpaka jikoni nako naulizwa! Mtu akisema yuko peke yake inatosha, andika mtu mmoja umpe funguo. Alafu bei ni ya chumba, uwe mmoja uwe wawili unalipa 75,000 ile ile, ila chai ya asubuhi inakuja ya mtu mmoja. Hapo hapana, kama nalipia wawili nipunguzieni, au basi mniongezee chapati. Na Ijumaa baa ya jirani ilipiga mziki mpaka saa nane usiku, kwahiyo kama unafuata utulivu nenda katikati ya wiki.

Chakula kizuri ila oda mapema. Changu wa kuchoma 18,000, anakatwa mikato mirefu ubavuni, ndimu na chumvi na pilipili vinasukumwa mule ndani kwa kidole, anachomwa kwa makumbi ya nazi, ule moshi ndio utamu wenyewe, nimekula na ugali na kachumbari mpaka nikalamba mwiba. Ila nilisubiri saa moja na nusu. We toa oda ndio uende kuogelea.

Na kuogelea uliza kwanza saa ya maji kujaa, maana yakipwa unatembea mbali sana unakuta bado yako magotini, na kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Alhamisi nilikuta yamepwa, nikakaa kuangalia akina mama wanatafuta pweza, mmoja anachoma fimbo kwenye shimo taratibu, anasubiri, anachoma tena. Nikajilaza kwenye kitanda cha kamba, upepo wa kusi unapiga, nilivyoamka adhana ya magharibi inaita. Sijalala mchana hivyo tangu nianze hii kazi, kwakweli machozi yalinitoka.

Simu niliwasha mara moja nikampigia dada, nikazima.

Jina siliweki maana malalamiko nimempelekea mwenye sehemu mwenyewe na kaahidi kurekebisha, nampa nafasi. Nyota nne kwa tano. Mwezi ujao VAT ikiisha narudi na nimeshashika banda lile lile la mwisho kushoto. Popote mtakapoenda wanawake wenzangu, kabla hujalipa funga mlango kwa ndani uone komeo linashika.