Uzoefu wangu: niling'oa gego Dodoma, damu ikakataa kukata

Gego la chini kulia lilianza kunisumbua nikalivumilia kwa aspirini, asubuhi mbili, jioni mbili, siku nne mfululizo. Jumanne uvumilivu ukaisha. Nikamwachia jirani meza yangu ya nafaka pale soko la Majengo, nikapanda bajaji hadi kliniki moja ya meno mjini. Jina lake siliandiki. Sina nia ya kuwaharibia kazi, ila yaliyonikuta baada ya kutoka pale nataka mtu mwingine ayajue kabla hajaenda kung'oa popote.

Kung'oa kwenyewe nawapa heshima yao. Sindano mbili za ganzi, nikasikia kusukumwa tu, na ndani ya dakika kumi jino lilikuwa kwenye kisahani. Nikalipa 20,000. Daktari akaniwekea gozi, akasema "ng'ata", akaita mgonjwa mwingine. Hakuna aliyeniuliza nimekuwa nikimeza dawa gani, hakuna aliyenipima presha. Nilipouliza hilo gozi nilitoe saa ngapi, dada wa mapokezi akaniambia nikifika nyumbani. Mimi nakaa Nkuhungu, na bajaji siku hiyo haikukuta foleni.

Basi nikafika, nikalitoa. Wifi yangu akanichemshia maji ya chumvi nisukutue, kwa upendo kabisa, na mimi nikasukutua mara tatu. Maji ya chumvi ni mazuri kwa kidonda cha jino, lakini siku yake ni kesho yake. Siku ya kwanza ile damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo kizibo, na mimi nilikuwa naiosha.

Saa kumi na moja jioni ganzi ikaisha na damu ikaanza upya. Nikawa natema kwenye beseni. Nikaweka pamba, kila dakika mbili naitoa nachungulia kwa tochi ya simu, na kila nikiitoa nyuzi za pamba zinabaki kwenye fizi na bonge laini kama kipande cha ini linang'oka nazo. Niliogopa sana. Wanangu walikuwa wamesimama mlangoni wananiangalia.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa nyumba ya pili, muuguzi mstaafu. Aliingia, akaangalia beseni, akasema, "Mwanangu, acha kutema. Kila ukitema unaivuta itoke." Akanieleza kuwa ganzi ya meno mara nyingi huchanganywa na dawa ya kubana mishipa ya damu, kwa hiyo ikiisha mishipa inafunguka, na damu ambayo hukuiona kliniki unaiona nyumbani. Akanambia pia kijiko kimoja cha damu kikichanganyika na mate kinaonekana kama kikombe kizima.

Alikuwa na gozi safi. Akalikunja mara kadhaa mpaka likawa kipande kidogo kinene, akalilowesha kidogo kwa maji safi ili lisigandamane na damu wakati wa kulitoa, akaliweka juu ya tundu lenyewe. Hapa ndipo wengi tunakosea: gozi likikaa juu ya meno ya pembeni, unang'ata meno, tundu halipati mgandamizo. Akanikalisha wima kwenye kiti, akachukua simu yangu akatega dakika 30. "Usichungulie, usiongee." Mate yaliyojaa nikayaacha yachuruzike kwenye kanga. Akasema angekosa gozi angetumia kifuko cha majani ya chai, kilicholoweshwa kikapoa na kukamuliwa, kwa sababu tanini ya kwenye chai husaidia damu kuganda.

Nusu saa ya kwanza ikapunguza. Akarudia nusu saa nyingine, na bado mdomo ulikuwa unajaa damu. Mate yenye rangi kidogo hayakumtisha, hayo ni kawaida hadi siku nzima. Lakini damu inayojaa mdomo baada ya kung'ata sawasawa, akasema, hiyo si ya nyumbani tena.

Saa tatu usiku tukaenda hospitali nyingine. Cha kwanza wakapima presha: 160 kwa 100. Cha pili wakauliza dawa. Nilipotaja aspirini daktari akatikisa kichwa. Inazuia chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zisishikane, na hali hiyo hudumu siku kadhaa hata ukishaacha kumeza. (Kama unameza aspirini kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako, mwambie tu daktari wa meno mapema.) Akasafisha tundu, akajaza sponji inayoyeyuka yenyewe, akashona nyuzi mbili, nikang'ata tena gozi. Kabla ya saa nne damu ilikuwa imekata.

Usiku ule nililala na mito miwili, kichwa juu. Maumivu nikatuliza kwa panado. Kesho yake uji wa uwele uliopoa, jioni mlenda na ugali laini, vyote nikitafunia kushoto, na soda ya mrija nikaikataa kwa sababu kufyonza nako kunang'oa kile kizibo. Maji ya chumvi nikaanza baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya vuguvugu, nikiyapitisha taratibu bila kusukutua kwa nguvu. Siku ya saba nyuzi zikatolewa.

Siku hiyohiyo nilipita kule kliniki ya kwanza nikaongea na daktari mwenyewe. Hakujitetea. Aliuliza yule mama alinikalisha dakika ngapi, na kama nilikuwa nameza aspirini nyumbani kabla ya kuja. Mwezi huu wifi alimpeleka mwanawe pale. Walimuuliza dawa anazomeza mtoto, wakampa gozi tatu kwenye bahasha, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu: "Ng'ata dakika 30. Usiteme."