Maktaba ya darasa: vitabu vya mtumba au hadithi za kuchapa?

Vitabu vya mtumba vinavyotandikwa pembeni mwa barabara ni imara, ila vingi ni vya Kiingereza, tena nakala mojamoja. Mtoto wa darasa la pili ataishia kutazama picha.

African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto iliyozinduliwa 2014, inatoa hadithi za Kiswahili bure kwa leseni huria: unapakua, unachapa nakala utakazo. Gharama ni wino na karatasi. Kweli, pembe huchakaa upesi. Bandika selotepu pana kwenye mgongo. Kwa madarasa ya chini ningeanza na hizi, nakala tano za hadithi moja, kikundi kisome pamoja. Mtumba uwangoje wa darasa la sita.

Kupanga? Kamba na vibanio vya nguo ukutani vinatosha. Kabati la kufuli huficha vitabu, hasa ufunguo ukikaa kwa mwalimu mkuu.