Mafunzo ya siku mbili ya kutafuta wafadhili, Moshi: laki na nusu yangu ilivyofanya kazi

Mimi ni mweka hazina wa kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu, huku Rau. Mwezi uliopita mimi na mama mwenyekiti tulilipa laki na nusu kila mmoja, chai na chakula cha mchana humo humo.

Tuliambiwa twende na daftari la michango. Letu ni kaunta buku lenye majina 212. Kila jina tukaliwekea alama kwa mambo matatu: uwezo wa mtu kifedha, ukaribu wake na kituo, na mazoea yake ya kutoa. Kufika jioni tumebaki na majina 11 yenye alama za juu. Nikajumlisha mara mbili, maana sikuamini: hao 11 ndio walioleta zaidi ya nusu ya fedha zetu za mwaka. Wawili kati yao sijawahi hata kuwapigia simu kusema asante.

Na aliyeongoza kwa alama si mtalii aliyeshuka Mlima Kilimanjaro akatuachia dola 500, kisha hatukumsikia tena. Ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayetuma elfu hamsini kwa M-Pesa kila tarehe 5, miaka mitatu bila kuruka mwezi. Sisi tulikuwa tunamjibu kwa ujumbe ule ule tunaowatumia wote. Iliniuma sana.

Kilichoniudhi ni fomu ya kupima uwezo. Imetoka Marekani kama ilivyo: inauliza thamani ya nyumba, hisa, hata michango ya mtu kwa wanasiasa, mambo ambayo kule mengi yamo kwenye kumbukumbu za wazi. Hapa nani atanipa thamani ya nyumba ya mtu pale Shanty Town, mtaa wetu wa wenye nazo? Sisi uwezo tunaujua kwenye vikao vya harusi na ahadi za harambee kanisani. Halafu Desemba haimo kabisa! Ndugu zetu wanapanda kutoka Dar kuja "kuhesabiwa", yaani kula Krismasi nyumbani, mtu unamkuta Kibosho ametulia nyumbani kwao, ana nafasi ya kukusikiliza. Nilipouliza, mwezeshaji akasema tutajazia wenyewe. Kwa bei ile nilistahili jibu kamili.

Hata hivyo nendeni, ila msiende bila daftari. Jumamosi tulipita dukani kwa yule mama, hatukuomba kitu. Tulimwonyesha picha ya mtoto aliyeanza kutembea kwa magongo. Akaishika muda mrefu, akauliza mazoezi yanafanyika siku gani.