Nyota mbili, na hizo mbili ni za huruma

Nimekaa na hii seti ya aikoni wiki tatu kabla ya kuandika hapa, sikutaka kukurupuka. Kwenye tangazo wauzaji wanasema zote zimechorwa upya kwa mkono, huzikuti popote pengine. Mi nikanunua chapchap maana apu yangu ilikuwa karibu kutoka na menyu yake ilikuwa inatia aibu.

Kwa mbali ziko poa, nisiwe mnafiki. Shida imeanza siku nataka kubadilisha rangi ya mkasi, nikafungua faili la SVG kwenye notipadi (SVG ni picha iliyoandikwa kwa maandishi tu, yeyote anafungua anasoma) si nikakuta humo ndani kumeandikwa "feather feather-scissors"! Jamani, hata jina hawakufuta. Feather ni seti ya bure, iko mtandaoni miaka, nikaipakua nikaziweka mbili ubavu kwa ubavu: vile viduara viwili vya kushikia, kimoja kitovu chake kiko 6 na 6, kingine 6 na 18, nusu kipenyo 3 vyote, mstari wa kwanza unaishia 8.12 na 15.88, kotekote sawasawa mpaka baada ya nukta. Walichofanya ni kupunguza unene wa mstari kutoka 2 hadi 1.5. Ndo huo mkono wenyewe.

Najua kuna watakaosema aikoni zote zinafanana. Kweli, kioo cha kukuzia ni kutafuta, flopi ni kuhifadhi hata kama watoto wa siku hizi hawajawahi kuishika, hizo hazina mwenyewe. Apple walipowashtaki Microsoft na HP mwaka 1988 kwa kuiga muonekano wa skrini zao, sehemu kubwa sana ya madai yao iligonga mwamba mahakamani kwa sababu walishawapa Microsoft leseni, na mengi ya yaliyobaki kwa sababu wazo halina hakimiliki. (Hao hao Apple mwaka 2012 wakaweka kwenye iPad saa inayofanana na ya reli ya Uswisi bila kuomba, shirika la reli likalalamika, wakaishia kulipia leseni.) Lakini wazo la mkasi ni kitu kimoja na mchoro wa mkasi ni kingine, watu wawili wakichora kila mtu kivyake hawawezi kukutana kwenye 15.88.

Na kinachoniuma zaidi Feather iko chini ya leseni ya MIT, inakuruhusu hata kuuza! Sharti lenyewe dogo, ile notisi ya hakimiliki na maneno ya leseni yabaki kwenye kazi. Kifaili kimoja cha maandishi. Wangekiacha ningesema sawa, nimelipia kupangiwa mafolda, maana mafolda kweli wameyapanga vizuri na majina ya mafaili yanaeleweka, ndo hizo nyota mbili. Wao wamekitoa wakaweka chao, eti haki zote ni zao.

Halafu sio zote za Feather. Zile za fedha na usafiri kona zimechongoka, zimejazwa rangi, ukizipanga kwenye menyu moja kwa pikseli 16 unaona kabisa ni watu wa harusi mbili wamepanda basi moja. Hizo ndo zinaninyima usingizi, maana kama zimetolewa kwenye seti ya kulipia, mwenye mali akilalamika apu itakayoshushwa ni yangu, sio duka lao. Nimezitoa zote.

Nimewaandikia kuomba hela yangu, wakajibu kwamba wao "hupata hamasa kutoka vyanzo mbalimbali". Nikawatumia picha ya zile namba, kimya. Juzi likaja toleo jipya, wameandika ni marekebisho madogo, nikafungua mkasi kwanza kabla ya yote. Neno feather limefutwa. 15.88 bado ipo.