Pikapu za Gitaa la Umeme: Ipi Inunuliwe Kwanza

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, nayo ndiyo inayogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Mpangilio ufuatao unawalenga wapigaji wa dansi, benga na nyimbo za kanisani, ambao solo yao haina budi kusikika wazi katikati ya besi, kinanda na ngoma. Mpigaji wa muziki wa metali angeupindua karibu wote.

Nafasi ya kwanza naipa pikapu ya koili moja (yaani zungusho moja la waya huo) ya aina ya Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1954. Sauti yake ni angavu, kila noti hujitenga na mwenzake, na hata sebene likienda kasi vidole havisikiki vikivurugana. Ubaya wake ni mvumo, kwa sababu koili moja hunasa umeme wa jengo unaotetema mara 50 kwa sekunde, na ukumbini penye waya mbovu wa ardhi kero hiyo huwa kubwa. Kwa hiyo nunua seti ya pikapu tatu ambayo ile ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa: ukiiunganisha na jirani yake, mvumo hufutika na sauti hubaki.

Ya pili ni hambaka, yenye koili mbili, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni katikati ya miaka ya 1950 kwa lengo hilohilo la kuua mvumo. Ni nene na yenye joto, inafaa sana kwa rithimu, lakini kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, huelekea kushikamana. Chagua yenye nyaya nne, ili fundi akuwekee swichi ya kuzima koili moja, nayo isikike kama ya koili moja. Tena vidhibiti vya sauti viwe vya kilo-omu 500 (kipimo cha ukinzani wa umeme), kwani vile vya 250 vinavyotumika na koili moja huifanya isikike kana kwamba imefunikwa blanketi.

P-90, ambayo Gibson ilianza kuiuza mwaka 1946, ni koili moja pana yenye ukali wa kupendeza. Naiweka ya tatu kwa kuwa inavuma vilevile, na umbo lake la kawaida halikai katika matundu ya magitaa mengi bila kuchonga mbao.

Mwisho ni pikapu zinazotumia betri ya volti 9, kama za kampuni ya EMG, ambazo ni kimya na zenye nguvu, ila uzuri wake huonekana zaidi penye disto nyingi, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi. Ukisahau kuchomoa waya wa amplifaya kwenye gitaa baada ya onyesho, betri huisha.

Usichague kwa kutazama kilo-omu zilizoandikwa kwenye boksi, maana waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani bila lazima ya kuongeza nguvu. Sumaku inaeleza zaidi: alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti) 5 ni kali na yenye msukumo, alniko 2 ni laini.

Kabla ya kulipa, shusha kidogo kwa bisibisi pikapu uliyo nayo, kisha sikiliza tena, kwa sababu sumaku iliyo karibu mno huvuta nyuzi na kuyumbisha noti, na kasoro hiyo ingeifuata hata pikapu ya bei ghali.